Sikio Lililokufa Halina Dawa

Waswahili husema sikio la kufa halisikii dawa. Methali hii twaitumia kila siku kumsuta mtu mkaidi aliyekataa nasaha, hata tumesahau kwamba inalitaja sikio lenyewe. Lakini liko jambo moja ambalo methali hii, ikichukuliwa neno kwa neno, yasema kweli tupu. Sikio lililouawa na mshindo wa bunduki halisikii dawa, kwa sababu dawa yenyewe haipo. Haikuwapo zamani za babu zetu, na mpaka leo, pamoja na maarifa yote waliyo nayo waganga wa dunia, haijapatikana. Kilichopo ni kinga. Na kinga hiyo ni rahisi, gharama yake ni ndogo, na mtu aweza kufundishwa kuitumia kwa dakika chache.

Ajabu ni kwamba watu walio karibu zaidi na hatari hii ndio aghalabu wasioijali. Askari akivunjika mguu hubebwa kwa machela, na wenzake hukusanyika kumpa pole. Akipoteza masikio yake hapana machela, hapana damu, wala hapana pole. Pengine yeye mwenyewe hatambui mpaka miaka imepita. Hili ni jeraha lisilotoka damu, na kwa kuwa halitoki damu halihesabiwi kuwa jeraha. Nia ya makala hii ni kuwaomba wasomaji walihesabu.

Jambo lenyewe lawahusu askari wa jeshi na wa polisi, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, mgambo, askari wa wanyama pori, walinzi wenye silaha, na wawindaji wenye magobori. Kadhalika lawahusu wafanyakazi wengi ambao hawajashika bunduki hata siku moja, maana sikio haliulizi kama kishindo kimetoka katika mtutu, au katika baruti ya kupasulia mwamba, au katika mashine ya kiwanda. Kwake yote ni mapigo.

HAZINA ILIYOFICHWA

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo huingia katika tundu la sikio ukapiga kiwambo, ambacho ni ngozi nyembamba iliyowambwa mfano wa ngoma. Nyuma ya kiwambo mna vifupa vitatu vidogo, ambavyo kwa maumbo yao vimelinganishwa na nyundo, fuawe, na kikuku cha kupandia farasi. Vifupa hivyo hupokezana mtikisiko mpaka ndani ya fuvu, katika kiungo kilichojiviringa kama nyumba ya konokono na kujaa maji. Humo ndimo ilimo hazina yenyewe: chembe hai zipatazo 15,000 katika kila sikio, na juu ya kila chembe vimesimama vinyweleo vidogo visivyoweza kuonekana kwa macho matupu. Maji yakitikisika, vinyweleo huinama, na chembe hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Huko ndiko kusikia.

Chembe 15,000 si nyingi. Jicho moja la binadamu lina chembe za kupokea nuru zaidi ya milioni 100. Tena chembe hizi za sikio mtu huzaliwa nazo zote, na zikifa haziji nyingine mahali pake. Katika jambo hili kuku ametushinda kwa bahati. Katika miaka ya 1980 wataalamu waligundua kwamba chembe za sikio la ndege zikiharibiwa na kelele, nyingine huota mahali pake, na ndege akasikia tena. Binadamu hakujaliwa hivyo.

Mfano wake ni shamba la mpunga. Mtu mmoja akipita, miche huinama kisha ikasimama tena. Wakipita watu mchana kutwa, siku nenda siku rudi, njia hubaki na hapo hapaoti kitu. Likipita gari kubwa mara moja tu, hapana haja ya kungoja siku nyingi: miche imekwisha kung'oka. Kelele za kiwandani ni hao watu wapitao kila siku. Mshindo wa bunduki ni lile gari.

BUNDUKI HAINGOJI

Kelele hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Wataalamu wa afya ya kazi wanashauri kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Yafaa ieleweke kwamba hesabu ya desibeli si kama hesabu ya kilo za sukari. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya kelele huwa maradufu, na muda wa usalama hupungua nusu. Kwa desibeli 88 muda ni saa 4. Kwa 91 ni saa 2. Kwa 94 ni saa 1. Na kwa 100 ni dakika 15 tu.

Sasa tuitazame bunduki. Mshindo wake hupimwa kwa kilele chake, maana huja na kuondoka kwa kufumba na kufumbua. Kikomo kinachokubaliwa kwa sikio lisilokingwa ni desibeli 140. Bunduki ndogo kabisa, ile itumiayo risasi nyembamba za .22, hukaribia kikomo hicho. Bastola nyingi na bunduki za kivita hupita desibeli 150, na nyingine hupita 160. Mizinga huzidi hapo. Kwa silaha za namna hii hapana hesabu ya saa wala ya dakika. Risasi moja tu, iliyopigwa karibu na sikio lisilokingwa, yaweza kumaliza kazi ambayo kelele za kiwanda huifanya kwa miaka mingi.

Sikio lina mlinzi wake wa asili. Ni musuli mdogo sana ulioshikamana na kile kikuku. Sauti kubwa ikivuma, musuli hujikaza na kuvizuia vifupa visitikisike mno. Lakini mlinzi huyu huhitaji kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde ili ashike lindo lake. Muda huo mshindo wa bunduki umekwisha kuingia, umekwisha kuvunja, nao umekwenda zake. Mlinzi huja kufunga mlango wa nyumba iliyokwisha kuibiwa.

Yako mambo mengine ambayo kila mshika bunduki yampasa ayajue. Mtu alengaye kwa bega la kulia huharibika zaidi sikio la kushoto, kwa sababu ndilo lililoelekea mtutu, hali sikio la kulia limefichwa na kivuli cha kichwa. Kupiga bunduki ndani ya chumba, au chini ya paa, au kando ya ukuta, ni vibaya kuliko kupiga uwanjani, maana mshindo hurudi mara ya pili. Na katika uwanja wa shabaha aliye hatarini si mpigaji peke yake. Jirani yake wa kulia na wa kushoto yu hatarini. Na mwalimu, ambaye husikia risasi za vijana wote kila siku ya mazoezi, yu hatarini kuwashinda wote.

DALILI ZINAZOPUUZWA

Baada ya mazoezi ya kwanza kijana huona kama kwamba masikio yake yamejazwa pamba, tena yanapiga mlio mwembamba mfululizo. Akilala na kuamka, mlio umepungua; baada ya siku mbili umekwisha. Hapo wakubwa wake humwambia, na yeye huamini, kwamba masikio yameanza kuzoea. La hasha! Sikio halizoei bunduki. Linalodhaniwa kuwa mazoea ni kufa kwa chembe moja moja.

Tena hata pale usikivu unapoonekana kurudi wote, si hakika kwamba hapana kilichopotea. Mwaka 2009 wataalamu wawili wa Boston, Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walionyesha katika panya kwamba baada ya kelele kali vipimo vya kusikia vyaweza kurudi sawa, ilhali sehemu kubwa ya viungio baina ya chembe za sikio na mshipa wa fahamu vimekatika, visiunganike tena. Kwa hiyo mlio ule wa siku ya kwanza ni onyo. Mwenye busara hangoji onyo la pili.

Uharibifu wa kelele hauanzi na sauti zote kwa pamoja. Huanza na sauti nyembamba za juu, na huko ndiko ziliko herufi kama s, sh, f na th. Sauti nzito za a, o na u hubaki. Ndiyo sababu mtu wa namna hii husema, "Nasikia kwamba unasema, lakini sisikii usemalo." Akiambiwa "shika" hudhani ameambiwa "fika". Sauti za watoto na za wanawake humpotea kabla ya sauti za wanaume. Katika chumba kitulivu, akizungumza na mtu mmoja, hapana anayemtambua. Katika mkutano, watu wengi wasemapo kwa pamoja, amepotea.

Hapa ndipo huanza msiba wenyewe. Mkewe humwona hajali. Watoto humwona mkali. Msimamizi wa kazi humwona mkaidi au mpumbavu. Yeye mwenyewe, kwa kuona haya ya kuuliza mara tatu, hujifunza kutikisa kichwa na kucheka wenzake wachekapo. Mkutanoni huketi nyuma, na kura ikipigwa huinua mkono pale wenzake wainuapo. Huyu ni mtu mzima mwenye akili timamu na maarifa ya miaka mingi, naye ametolewa katika baraza la wenziwe pasipo mtu yeyote kupitisha azimio la kumtoa.

Wala hili si jambo jipya. Mganga wa Kitaliani Bernardino Ramazzini, katika toleo la mwaka 1713 la kitabu chake juu ya maradhi ya wafanyakazi, alikwisha kuandika habari za mafundi wa shaba wa Venice walioziwika kwa kugonga nyundo kutwa. Mwaka 1886 mganga Thomas Barr aliwapima katika mji wa Glasgow mafundi 100 waliokuwa wakitengeneza boila za mvuke, wakigongomea misumari ya chuma ndani ya mapipa makubwa ya chuma. Katika watu hao 100 hakumpata hata mmoja aliyekuwa na usikivu kamili. Tangu siku hiyo hapana awezaye kusema kwamba hakuambiwa.

MLIO USIOKOMA

Pamoja na uziwi, au hata kabla yake, huja mgeni mwingine. Ni mlio ndani ya masikio ambao hautoki nje, wala mtu mwingine hausikii. Kwa huyu hulia kama nyenje wa usiku. Kwa yule kama mvuke utokao katika birika. Kwa mwingine huvuma kama upepo au bahari. Waganga huuita tinitasi. Wazee wetu waliopata kutibiwa homa ya malaria kwa kwinini wanaujua vizuri, kwa sababu dawa hiyo huvumisha masikio. Lakini mvumo wa kwinini aghalabu huondoka dawa ikikoma. Mlio wa bunduki, ukiisha kukita, waweza kukaa na mtu mpaka kaburini.

Mlio huu watoka wapi? Wataalamu wengi wanaeleza hivi. Ubongo umezoea kupokea habari kutoka kwa chembe zote za sikio. Baadhi ya chembe zikifa, ubongo hukosa habari za upande ule, nao hufanya kama mtu afanyavyo redio yake inapopoteza stesheni: huongeza sauti. Kwa kuwa hapana stesheni, kinachosikika ni mkwaruzo. Basi mlio ule si shetani, wala si uchawi, wala si ishara kwamba unasengenywa mahali. Wala si wazimu. Mwenye wazimu husikia watu wakisema naye. Mwenye tinitasi husikia mlio mtupu usio na maneno. Twalisema hili kwa mkazo, kwa sababu wako watu wanaoficha taabu yao miaka na miaka kwa kuogopa kuitwa vichaa.

Na wenye taabu hii ni wengi. Katika Marekani, mlio wa masikio ndio ulemavu unaoongoza kwa idadi miongoni mwa waliokuwa askari wanaolipwa fidia kwa madhara ya utumishi wao. Wanaolipwa kwa ajili yake ni zaidi ya watu milioni 2. Bunduki haichagui cheo. Mwaka 1983 Rais Ronald Reagan wa nchi hiyo alianza kuonekana hadharani na kifaa cha kumsaidia kusikia. Ilielezwa kwamba madhara yake yalianza katika miaka ya 1930, alipokuwa mcheza sinema, bastola ilipofyatuliwa karibu na sikio lake la kulia. Haikuwa vitani, ilikuwa katika mchezo.

Sisi nasi tumekuwa na vita vyetu. Vijana wa Afrika ya Mashariki walipelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili. Wengine wa kizazi cha baadaye walivuka mto Kagera katika vita vya mwaka 1978 na 1979, wakasonga mbele chini ya mizinga mpaka Kampala. Aliyerudi na mguu mmoja kila mtu alimwona. Aliyerudi na mlio masikioni alikwenda shambani kwake akanyamaza. Wala si lazima mtu awe askari. Mabomu yalipolipuka katika maghala ya jeshi huko Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, mshindo uliwafikia raia majumbani mwao, wakubwa kwa watoto. Mshindo wa bomu waweza kupasua kiwambo cha sikio cha mtu ambaye hata kipande kimoja cha chuma hakikumgusa.

KUISHI NA MLIO

Je, mtu ambaye mlio umekwisha kumwingia afanyeje? Hapana kidonge cha kuuondoa, na kila auzaye dawa ya matone au ya majani kwa ahadi ya kuuponya kabisa, anauza maneno. Lakini kusema hapana dawa si kusema hapana msaada. Maelfu kwa maelfu ya watu wanaishi na mlio huu, wanafanya kazi, wanalala na wanafurahi.

Jambo la kwanza ni kwenda kwa daktari wa masikio. Pengine kisa si bunduki, bali ni nta iliyoziba, au usaha, au dawa ambayo mgonjwa anatumia, na sababu hizo zaweza kushughulikiwa. Mtu asitie mafuta ya moto, wala asichokoe kwa kijiti. Aliyeziwika ghafula, ama baada ya mshindo ama bila sababu, asingoje wiki. Aende siku hiyo hiyo, kwa maana katika siku za mwanzo daktari aweza kujaribu dawa ambazo baadaye hazifai kitu. Kadhalika asikawie mwenye mlio wa sikio moja tu, au mlio unaopiga sawasawa na moyo, au mlio unaofuatana na kizunguzungu.

Jambo la pili ni kuufahamu mlio na kuacha kuuogopa. Mtu aliyehamia kando ya reli, usiku wa kwanza hashikwi na usingizi. Baada ya miezi kadha treni hupita naye hasikii. Masikio yake hayakubadilika. Kilichobadilika ni ubongo, ambao umejua kwamba treni si adui. Mlio wa masikio nao waweza kuzoeleka hivyo hivyo, lakini huhitaji miezi, na mtu anayeuogopa na kuusikiliza kila dakika huurudisha nyuma usahaulifu huo. Iko tiba ya mazungumzo ambayo mtaalamu humfunza mgonjwa kubadili fikira zake juu ya mlio. Haiuzimi mlio, lakini huuondolea uchungu wake. Na katika tiba zote zilizochunguzwa, hii ndiyo yenye ushahidi wa nguvu zaidi.

Jambo la tatu ni kukimbia ukimya mtupu. Mlio huwa mkubwa usiku kwa sababu nyumba imenyamaza. Redio iliyofunguliwa kwa sauti ya chini, feni inayozunguka, au dirisha lililoachwa wazi ili upepo wa miti usikike, huupa ubongo kitu kingine cha kusikiliza. Sauti hiyo iwe ya chini kuliko mlio, isiwe ya kuufunika. Kupiga redio kwa nguvu ni kuongeza maradhi. Kwa sababu hiyo hiyo si vizuri kuziba masikio kutwa mahali palipo shwari. Vizibo ni vya kelele, si vya mlio.

Jambo la nne ni kifaa cha kusikia, kwa yule ambaye usikivu wake umepungua. Wengi hukiona kuwa alama ya uzee, wakakikataa. Lakini mtu akirudishiwa sauti za nje, mara nyingi mlio wa ndani hurudi nyuma. Hapana aonaye haya kuvaa miwani. Kwa nini kuona haya ya sikio?

Jambo la tano halimhusu mgonjwa, latuhusu sisi tulio karibu naye. Tukisema naye tumwelekee, uso wetu uwe mwangani, tuseme polepole na wazi, wala tusipige kelele. Kelele humwumiza na hazimwelezi neno. Mkutanoni tumpe nafasi ya mbele. Na tukimwona hapati usingizi, amejitenga na kukata tamaa, tusimwache peke yake. Mlio hauui, lakini upweke pamoja na mlio umewafikisha watu wengine pabaya. Tumsindikize hospitali kama vile ambavyo tungemsindikiza mwenye mguu uliovunjika.

KINGA NI HAKI, NA KUITUMIA NI WAJIBU

Sasa twarudi kwenye kinga. Vifaa ni vya namna mbili: vizibo vinavyoingia katika tundu la sikio, na vifuniko vinavyofunika sikio lote mfano wa vikombe. Kwa kelele za kiwandani kimoja kikitumiwa vizuri hutosha mara nyingi. Kwa bunduki, na hasa bunduki kubwa au uwanja wenye paa, vivaliwe vyote viwili kwa pamoja.

Kizibo kisichoingia barabara ni sawa na hakuna. Kizibo cha sponji hufinyangwa kwa vidole kikawa chembamba kama njiti. Kisha mkono wa upande wa pili hupitishwa nyuma ya kichwa, ukavuta sikio juu na nyuma ili tundu linyoke. Kizibo kikaingizwa, kikashikiliwa kwa kidole mpaka kitakapofura na kujaza tundu. Mvaaji akisema, asikie sauti yake mwenyewe imekuwa nzito kana kwamba amo ndani ya pipa. Pamba ya kawaida haifai. Kidole hakifai kwa mshika bunduki, maana mikono ina kazi. Na kutia ganda la risasi sikioni, kama wafanyavyo baadhi ya vijana, ni hatari, kwa kuwa laweza kukwama ndani.

Wako wasemao kwamba askari akiziba masikio hataisikia amri. Hoja hii ina uzito, nayo imepatiwa jawabu: viko vizibo na vifuniko vinavyopitisha sauti ya mtu na kuzuia mshindo, na uwanjani zipo ishara za mkono na bendera. Lakini hata pasipokuwa na vifaa hivyo, na tuipime hoja yenyewe. Askari anayekataa kizibo leo kwa kuogopa kutosikia amri, kesho hataisikia amri hata bila kizibo. Wala hatausikia mchakato wa majani chini ya mguu wa adui, ambao ni sauti nyembamba kama zile zilizotangulia kufa.

Viwandani, migodini na machimboni kanuni ni rahisi. Ikiwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja hakusikii mpaka upige kelele, mahali hapo pana hatari. Kazi ya kwanza ya mwajiri si kugawa vizibo. Ni kuipunguza kelele yenyewe: kuitia mashine mafuta, kukaza vyuma vilivyolegea, kuizungushia kizuizi, kuwapa watu zamu fupi. Vizibo huja baada ya hayo, wala haviji kama hisani. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeweka njia ya kulipwa fidia mtu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi.

Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Mfanyakazi aliyepimwa masikio siku ya kuajiriwa, akapimwa tena kila mwaka, anayo karatasi ya kuonyesha kilichopotea na lini kilipotea. Yule ambaye hakupimwa mwanzo huambiwa kwamba alikuja kazini hali ni kiziwi, au kwamba ni uzee. Basi viongozi wa vyama vya wafanyakazi wasidai mshahara peke yake. Wadai kipimo cha masikio cha siku ya kwanza.

Na wala wasiridhike kwa kuona vifaa vimegawiwa tu. Mwaka 2018 kampuni ya 3M ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 9.1 ili kumaliza madai ya serikali ya nchi hiyo kwamba iliuza kwa jeshi vizibo vyenye kasoro, vifupi mno kukaa barabara sikioni, bila ya kuitaja kasoro hiyo. Mwaka 2023 ilikubali kulipa dola zipatazo bilioni 6 ili kumaliza mashtaka zaidi ya laki mbili ya askari na waliokuwa askari, pasipo kukiri kosa. Fedha hizo ni nyingi, lakini hazinunui hata chembe moja ya sikio. Kizibo chapasa kijaribiwe kabla ya mshindo. Baada yake kinachobaki ni mahakama.

Katika ripoti yake ya mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 ulimwenguni wana upungufu wa kusikia wa namna fulani. Wengine wamezaliwa hivyo, wengine ni maradhi, wengine ni umri. Hao hawakuwa na hiari. Lakini yule ambaye atapoteza masikio yake mwaka huu katika uwanja wa shabaha au penye mashine, angeweza kuokolewa kwa kipande cha sponji na mkubwa wa kazi aliye tayari kusema: hapigi mtu risasi, wala haiwashi mtu mashine, mpaka masikio yote yamezibwa.

Neno hilo ni jepesi kulitamka. Mwalimu wa shabaha na alitamke kabla ya risasi ya kwanza. Msimamizi na alitamke kabla ya king'ora cha zamu. Na kijana ambaye hakuambiwa, na aulize. Kuuliza si woga. Tuyalinde masikio ya wenzetu wangali wakitusikia tukisema nao.